Svante Arrhenius na Tasnifu ya Daraja la Nne

Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, na kemia niliagana nayo sekondari. Lakini ndugu ninayepanga naye chumba anamalizia shahada ya uzamili ya kemia, na muhula huu anahangaika kutafuta ufadhili wa uzamivu. Anataka kukokotoa kwa kompyuta namna vichocheo vinavyoharakisha mmenyuko. Alama zake si nzuri sana, na hilo linamkosesha usingizi. Yeye ndiye aliyenitajia Arrhenius, nami nikaenda maktaba kumsoma.

Arrhenius alizaliwa Uswidi mwaka 1859, mtoto wa mpima ardhi. Mafunzo ya Uppsala hayakumridhisha, hivyo mwaka 1881 akaenda Stockholm kufanya utafiti chini ya Erik Edlund. Mwaka 1884 aliwasilisha Uppsala tasnifu ya kurasa 150 hivi, kuhusu namna maji yenye chumvi yanavyopitisha umeme. Maprofesa hawakushawishika. Waliipitisha, lakini kwa daraja la nne, na kwa daraja hilo mlango wa kufundisha chuoni ulikuwa kama umefungwa.

Hapa ndipo nilipompenda. Alituma nakala kwa wanakemia wa nchi nyingine, mmoja wao Wilhelm Ostwald wa Riga. Ostwald akafunga safari hadi Uppsala kumwona kijana huyo na kumpa kazi! Arrhenius hakuondoka, kwa kuwa baba yake alikuwa mgonjwa, lakini chuo kile kile kikampa nafasi ya kufundisha kabla mwaka haujaisha. Baadaye Akademia ya Sayansi ya Uswidi ikamlipia safari ya masomo, akapita Riga, Würzburg, Graz na Amsterdam.

Mwaka 1889 alieleza kwa nini sukari iliyotiwa asidi huvunjika upesi zaidi ikipashwa joto. Kuna kizingiti cha nishati, na molekuli chache tu ndizo zenye nguvu ya kukivuka. Joto huongeza idadi yao. Kichocheo nacho hufungua njia nyingine yenye kizingiti kifupi zaidi. Kupima urefu wa vizingiti hivyo kwa hesabu ndiyo kazi anayoililia mwenzangu. Yeye atakuwa na kompyuta. Arrhenius alikuwa na kalamu, na kwa kalamu hiyo alifanya maelfu ya hesabu kuhusu hewa ya ukaa na joto la dunia, akazichapisha mwaka 1896.

Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1903, kwa nadharia iliyochipuka katika tasnifu ile ile. Si kila alichofanya ni cha kuigwa: alikaa kwenye bodi ya chama cha Uswidi kilichotaka kutenga watu bora na duni kwa mbari, na hilo simsamehe. Alifariki Stockholm mwaka 1927.

Mwenzangu ameshatuma muhtasari wa utafiti wake kwa maprofesa wanne wa ng'ambo. Watatu wako kimya. Mmoja amejibu, anataka kuiona tasnifu yenyewe.