Hedda Hopper: Alishindwa kuwa staa, akaishia kuogopwa na mastaa

Hollywood ya miaka ya 1940 ilijaa mastaa wakubwa, lakini asubuhi wengi wao walitaka kujua jambo moja kwanza: Hedda Hopper kasema nini?

Mama huyo wa kofia za ajabu alizaliwa Mei 2, 1885 huko Hollidaysburg, Pennsylvania nchini Marekani, akiitwa Elda Furry. Baba yake alikuwa na bucha na familia ilikuwa ya washika dini. Binti akatoroka nyumbani, akaenda New York kutafuta maisha jukwaani.

Mwaka 1913 aliolewa na mwigizaji maarufu DeWolf Hopper, aliyemzidi miaka 27. Alikuwa mke wa tano. Kasheshe ni kwamba wake waliotangulia waliitwa Ella, Ida, Edna na Nella, hivyo mzee akawa anachanganya majina. Elda akamlipa mtaalamu wa kutabiri kwa namba dola 10, akapewa jina la Hedda. Ndoa ilivunjika 1922, wakiwa na mtoto mmoja wa kiume, William.

Dili zakata

Hedda alicheza filamu zaidi ya 120, ila nyingi alipewa nafasi za pembeni tu. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 umri ulikuwa umesonga na kazi zikaanza kukauka. Alishajaribu hata siasa mwaka 1932, akaanguka.

Alichobaki nacho ni siri za watu. Miaka yote ile ya kukaa kwenye seti na kuhudhuria sherehe ilimfanya ajue nani anatoka na nani, na nani ameachwa.

Mwaka 1938 safu yake ya udaku ikaanza kutoka kwenye gazeti la Los Angeles Times. Mwaka uliofuata akapata kipindi redio ya CBS, dakika 15, mara tatu kwa wiki. Hapo mambo yakabadilika. Mwigizaji aliyekuwa akisubiri kuitwa kazini sasa alipigiwa simu na mabosi wa studio. Enzi zake za juu, wasomaji wake walikadiriwa kufika milioni 35.

Bifu lake na mwandishi mwenzake wa udaku, Louella Parsons, lilikuwa gumzo la mji.

Waliolia

Wapo waliojibu mapigo. Mwigizaji Joan Bennett alimtumia zawadi ya mnyama anayenuka kama kicheche siku ya wapendanao. Joseph Cotten yeye alimpiga teke la makalio mbele za watu kwenye sherehe, baada ya kuandikwa vibaya.

Lakini kuna upande usiochekesha. Hedda aliunga mkono orodha nyeusi iliyowanyima kazi waliotuhumiwa kuwa wakomunisti, akiwemo mwandishi Dalton Trumbo. Alimwandama pia Charlie Chaplin kwa miaka, kuhusu siasa zake na maisha yake binafsi. Mwaka 1952 Chaplin alisafiri kwenda London, na nyuma yake serikali ikamfutia kibali cha kurudi Marekani.

Mwaka 1963 Hedda mwenyewe yakamkuta. Kitabu chake kilimgusa mwigizaji Michael Wilding, ambaye alimfungulia kesi ya kuchafuliwa jina. Ikamalizwa nje ya mahakama.

Mwisho wake

Alifariki Februari 1, 1966 kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na miaka 80, akazikwa Altoona, Pennsylvania, karibu na alikozaliwa. Mwanaye William alishakuwa maarufu kwa kuigiza mpelelezi Paul Drake kwenye tamthilia ya Perry Mason.

Filamu ya mwisho ya mama yake, The Oscar, ilitoka mwezi uliofuata. Safari hii hakucheza mama tajiri wala rafiki wa mtu. Alicheza Hedda Hopper.