SIGMUND FREUD: MKIMBIZI ALIYEISHI MIAKA 16 NA KAAKAA LA BANDIA



Wengi wetu tuliopita chuo cha ualimu tulikutana na jina la Sigmund Freud katika somo la saikolojia. Tulinakili habari za ndoto na za utoto, tukafanya mtihani. Hatukuambiwa kwamba kwa miaka 16 daktari huyo alitibu watu na kuandika vitabu akiwa amekatwa sehemu kubwa ya taya la juu, wala kwamba alifia ukimbizini.

Alizaliwa tarehe 6 Mei 1856 huko Freiberg, mji ambao leo unaitwa Příbor, katika Jamhuri ya Czech. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Angali mdogo walihamia Vienna, mji mkuu wa Austria, na huko akahitimu udaktari mwaka 1881. Alivuta sigara kubwa za tumbaku, kiasi cha 20 kwa siku.

Mwaka 1923 aliona uvimbe kinywani. Mwezi Aprili alipasuliwa harakaharaka, akavuja damu nusura afe. Madaktari wakamficha kwamba ni saratani.

Mwezi Oktoba mwaka huohuo alishikwa na mpasuaji mwingine, Hans Pichler. Huyu alijiandaa. Kabla ya kumgusa mgonjwa aliujaribu upasuaji wake juu ya maiti, na kinywa cha mgonjwa kikapimwa ili atengenezewe kaakaa la bandia. Kazi ilifanyika kwa hatua mbili. Ilipokwisha, kinywa na pua vilikuwa chumba kimoja.

Hapo ndipo tunaelewa kazi ya kifaa hicho. Bila kuziba tundu, chakula na maji hupanda puani, na maneno hayaeleweki. Kaakaa la bandia, mfano wa meno ya bandia makubwa, huziba. Lakini likibana sana linachubua, na likilegea usemi unaharibika. Likiachwa nje muda mrefu, nyama hujikunja na halirudi tena. Nyumbani kwa Freud waliliita zimwi. Liliundwa upya mara nyingi, na mwenyewe alipasuliwa zaidi ya mara 30.

Binti yake Anna ndiye aliyekuwa muuguzi wake. Walipatana tangu mwanzo kwamba kazi ifanyike bila machozi wala kuoneana huruma. Siku moja walihangaika nusu saa nzima kulirudisha kinywani. Sikio la kulia lilipodhoofika, alibadili mpangilio wa chumba chake ili awasikilize wagonjwa kwa sikio la kushoto. Mwaka 1930 alipewa Tuzo ya Goethe huko Ujerumani. Anna akaenda kumsomea hotuba yake. Jambo moja tusimwige: sigara hakuziacha.

Mwezi Machi 1938 Wanazi waliitwaa Austria. Anna alikamatwa na polisi wao, akaachiwa siku hiyohiyo. Tarehe 4 Juni mzee wa miaka 82 alipanda treni pamoja na mke wake na Anna, akaiacha Vienna alikoishi karibu miaka 80. Dada zake wanne walibaki, wakaangamia mikononi mwa Wanazi. London ilimpokea. Mwezi Septemba Pichler alisafiri kutoka Vienna kuja kumpasua tena, na mwezi Desemba redio ya BBC ikarekodi sauti yake. Anasema kwa taabu, lakini anaeleweka. Alifariki tarehe 23 Septemba 1939.

Ndugu zangu, tunajifunza nini? Kidonda cha kinywani kisichopona wiki mbili au tatu kipelekwe zahanati. Anayeambiwa atapasuliwa taya aulize mapema: nitapimwa lini kifaa? Nitakula nini siku za kwanza? Nani atanifundisha kukivaa na kukisafisha? Familia imchague mtu mmoja wa kumsaidia, wapatane naye kabla ya siku ya upasuaji, maana mkono wa msaidizi unatakiwa kuzoea kama kinywa cha mgonjwa kinavyozoea.

Na sisi majirani, pamoja na wanafunzi wetu, tusimcheke mtu anayesemea puani, wala tusimmalizie maneno yake. Tumpe nafasi. Akitaka kula peke yake, tumwache. Akitaka kusema katika mkutano wa kijiji, tunyamaze tumsikilize mpaka amalize.