Padri Placide Tempels, Mwalimu Aliyejifunza Kusikiliza

Mlevi anajua kwamba ni mlevi, na mwizi anajua kwamba ni mwizi. Lakini yako mazoea mabaya mengine ambayo mwenye nayo hayaoni, kwa kuwa yamevaa nguo ya wema. Hayo ndiyo mazoea ya kuamuru na kufundisha daima pasipo kumsikiliza mtu. Padri Placide Tempels aliyachukua mazoea hayo miaka mingi, kisha akayaacha.

Alizaliwa Berlaar, katika nchi ya Ubelgiji, tarehe 18 Februari 1906, akaitwa Frans. Mwaka 1924 aliingia katika shirika la Wafransisko, akapewa jina la Placide. Alipata upadri mwaka 1930, na mwaka 1933 alitumwa Kongo, akafanya kazi kati ya Waluba wa Katanga.

Alifika akiwa na bidii nyingi. Bali, kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, alifika kama bwana. Yeye ndiye mwenye kujua, nao watu ndio wasiojua. Kazi yake ni kusema, na kazi yao ni kutii. Watu waliitika, wakajifunza sala kwa moyo, wakabatizwa. Hata hivyo, siku ya ugonjwa au msiba, wengi waliirudia njia ya zamani kwa siri. Miaka kama kumi ikapita hivyo. Padri akaona kwamba maneno yake yameingia masikioni mwa watu, lakini hayakufika mioyoni.

Angeweza kuwalaumu na kuamuru kwa ukali zaidi. Badala yake alijiuliza kama kosa halikuwa katika macho yake mwenyewe. Alikuwa amewafundisha watu ambao hakuwajua. Basi akaweka kando habari za ubwana, akaanza kuwauliza: wao ni watu gani, na wanatamani nini kupita vyote? Kisha akanyamaza, akasikiliza. Akatambua kwamba wanatamani mambo matatu: uzima wenye nguvu, uzazi, na umoja wa mapendo. Tena akaona ajabu kubwa zaidi: tamaa hizo zilikuwa ndani ya moyo wake pia. Tangu hapo hakuweza tena kuwatazama kama watu walio chini yake. Mazoea ya kuamuru yakakosa mzizi, yakaanza kunyauka.

Hayo aliyosikia aliyaandika katika kitabu juu ya hekima ya Wabantu. Alikiandika kwa lugha ya kwao, naye Rubbens akakigeuza kwa Kifaransa. Kikatolewa mwaka 1945 katika mji wa Elisabethville, ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi. Siku zile Wazungu wengi walidhani kwamba Mwafrika hana mawazo yake mwenyewe juu ya mambo makuu. Kitabu kilisema kwamba anayo, tena yana utaratibu, na shina lake ni nguvu ya uzima. Wengine walikisifu, wengine walikasirika. Askofu de Hemptinne, aliyekaa katika mji uleule wa Elisabethville, alikipinga. Mwaka 1946 Padri Tempels alirudi Ubelgiji, akakaa huko mpaka mwaka 1949. Mtu aliyezoea kuamuru sasa alipaswa kutii na kungoja, naye akangoja.

Aliporudi Katanga alikuja kufanya kazi Kolwezi, katika kambi ya Musonoi, walipokaa wafanyakazi wa migodi ya shaba. Huko, mwaka 1953, ilianza Jamaa. Mume na mke walikuja pamoja, padri akaketi nao, wakaongea kwa Kiswahili juu ya uzima, uzazi na mapendo. Mume aliyezoea kumwamuru mkewe alijifunza kumwuliza mawazo yake. Padri naye hakuitwa tena bwana. Walimwita Baba Placide. Jamaa ikaenea katika miji mingi ya migodi. Ni kweli kwamba baadaye vikundi vingine vilipotea njia, hata maaskofu wakalazimika kuvionya. Padri Tempels alirudi kwao mwaka 1962, wala hakufanya kazi tena Kongo. Alifariki Hasselt tarehe 9 Oktoba 1977.

Ninyi wakatekumeni, angalieni alivyoshinda. Mtu akikata majani na kuuacha mzizi, mvua ikinyesha majani huota tena. Vivyo hivyo anayeapa kuacha matusi, magomvi au kumpiga mke wake, lakini moyoni bado anamdharau mwenzake, hatakaa siku nyingi. Ulimi na mkono hufuata macho ya moyo. Anayemwona mkewe kama mtumishi atamwamuru tu. Anayemwona kama mwenzake katika uzima atamwuliza.

Kwa hiyo, kabla ya kupambana na mazoea yako, chunguza kwanza unavyomtazama yule unayemkosea. Jioni hii, baada ya chakula, mwulize jambo moja ambalo moyo wake unalitamani. Kisha nyamaza mpaka amalize kusema.