Robert Koch na Mwanga wa Hadubini

Katika mazoezi ya kufundisha nilipata kumtazama mwanachuo akiendesha somo la hadubini katika shule moja ya upande wa Horohoro. Maji ya dimbwi aliyoyaleta yalijaa viumbe, lakini kila mwanafunzi aliyechungulia aliona weupe mtupu, naye akailaumu lenzi. Lenzi haikuwa na kosa. Kilichosahauliwa ni mwanga. Tangu hapo, kabla sijamkabidhi mwanachuo chombo hiki, humsimulia kwanza maisha ya Robert Koch, ambaye aliwahi kufanya kazi katika milima ya mkoa huu huu wa Tanga.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, Ujerumani, akahitimu utabibu Göttingen mwaka 1866. Miaka michache baadaye alikuwa tabibu wa wilaya katika mji mdogo wa Wöllstein, ambao leo umo nchini Poland. Hakuwa na maabara. Alitenga sehemu ya chumba cha kutibia wagonjwa, akachunguza humo. Mwaka 1876 alieleza maisha ya bakteria wa kimeta, na mwaka uliofuata akatoa picha za bakteria zilizopigwa kwa hadubini, kazi isiyowezekana kwa mwanga uliopangwa ovyo. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuitumia kondensa ya Abbe, yaani lenzi zikusanyazo mwanga chini ya jukwaa la hadubini. Kwa kondensa hiyo na kwa rangi alimfichua bakteria wa kifua kikuu, akatangaza habari hiyo mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882.

Mwaka 1905, ambao ndio aliopewa Tuzo ya Nobel, alikuwa Afrika Mashariki akichunguza homa ya papasi. Msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa papasi ni nini: ni yule kupe wa nyufa za sakafu na kuta za udongo. Koch aliviona vijidudu vya homa hiyo hata ndani ya mayai ya papasi. Kwa hiyo papasi mchanga aweza kuambukiza bila ya kuwa amemwuma mgonjwa. Haki itendeke, hakuwa peke yake. Ross na Milne walikuwa wamekwisha kumtuhumu papasi huko Uganda mwaka 1904, na Dutton, aliyechunguza jambo hilo hilo Kongo, aliuawa na homa yenyewe mwaka 1905.

Kijidudu hicho ni uzi mwembamba uliojisokota. Kikiwa hai, bila rangi, hupotea katika mwanga wa kawaida. Dawa yake ni kondensa ya uga mweusi, ambayo Landsteiner na Mucha waliitumia Vienna mwaka 1906 kuonyesha vijidudu hai vya kaswende. Kondensa hii huizuia miale ya katikati na kupitisha ya pembeni kwa mshazari mkali, hata isiingie katika lenzi ya juu. Inayoingia ni ile tu iliyopotoshwa na kiumbe, naye hung'aa gizani kama vumbi katika mwale upenyao tundu la bati.

Hapa ndipo subira inapohitajika. Tia tone la mafuta juu ya kondensa, uipandishe mpaka mafuta yaguse slaidi, pasiwe na povu. Tazama kwanza kwa lenzi ya ukuzaji mdogo: utaona duara la mwanga lenye kiini cheusi, pengine limekwenda upande. Zungusha skrubu mbili za kondensa hadi duara likae katikati, kisha ipandishe au ishushe taratibu mpaka duara lijifunge liwe doa dogo angavu. Ndipo ubadili lenzi. Anayeruka hatua ya duara atahangaika saa nzima. Shule isiyo na kondensa hiyo na ikate kiduara cha karatasi nyeusi, ikiweke katikati chini ya kondensa ya kawaida. Kwa ukuzaji mdogo viumbe vya dimbwi vitang'aa.

Turudi kwa Koch. Mwaka 1906 alishuka Tanga, akapanda Amani, ambako Wajerumani walikuwa na taasisi ya utafiti tangu 1902, akawachunguza mbung'o kabla ya kwenda visiwa vya Sese katika Ziwa Viktoria kupambana na malale. Huko aliwatibu wagonjwa kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Vijidudu vilipungua katika damu, naye akaongeza kipimo. Wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka. Wanachuo wangu hunyamaza ninapofika hapo, nami siwaharakishi.

Alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin, katika taasisi iitwayo kwa jina lake.