Bwana Dunlop na Gurudumu la Upepo

John Boyd Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika kijiji cha Dreghorn, nchi ya Uskoti. Alisomea kazi ya kuganga wanyama, kisha akahamia Ayalandi, akakaa mjini Belfast. Huko aliganga farasi miaka mingi.

Alikuwa na mtoto mdogo, jina lake Johnny, mwenye baisikeli ya magurudumu matatu. Wakati ule magurudumu yalivishwa mpira mgumu, na njia za Belfast zilitandikwa mawe. Mtoto alitikisika sana. Mwaka 1887 baba yake akatwaa ubao wa mviringo, akauzungushia bomba la mpira mwembamba, akalifunika kwa kitambaa, akalijaza upepo kwa pompa ya kandanda. Kisha akavingirisha uani gurudumu la zamani, halafu ule ubao wake. Gurudumu la zamani lilianguka upesi; ubao wenye upepo ulikwenda mbali zaidi.

Mwaka 1888 Dunlop alipewa hati ya uvumbuzi wake. Watu waliyacheka magurudumu yale manene. Lakini mwezi wa Mei 1889 Willie Hume aliyatumia katika mashindano ya baisikeli huko Belfast, akashinda, na kicheko kikaisha. Mwaka 1895 ndugu wawili Wafaransa, André na Édouard Michelin, waliyatia katika motokari.

Ninyi watoto wa Kamina mmeona motokari ndogo za mizigo zikitoka vijijini na magunia ya mahindi na makaa, na watu wamekaa juu yake. Ni nini kinachobeba uzito huo wote? Mpira peke yake hauwezi. Ni upepo uliobanwa ndani yake. Upepo ukipungua na mzigo ukizidi, tairi hulala chini, na mbavu zake hujikunja na kujikunjua kila linapozunguka. Kukunjika huko huleta joto, na tairi lenye joto jingi hupasuka, hata katika njia nzuri. Tena upepo ukizidi kipimo, motokari isiyo na mzigo hurukaruka, na tairi hulika katikati. Kwa hiyo dereva mwenye akili hupima upepo asubuhi, tairi likiwa bado baridi, na kufuata kipimo kilichoandikwa karibu na mlango wa motokari. Ubavuni mwa tairi pia mna alama ya uzito ambao haufai kupitwa. Wengine hudhani kwamba wakiongeza upepo wanaweza kuongeza magunia wapendavyo. Sivyo, kila tairi lina mwisho wake.

Baadaye ilijulikana kwamba Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amekwisha kuvumbua gurudumu kama hilo mwaka 1845, na hati ya Dunlop ikabatilishwa. Kampuni ilistawi, lakini yeye alijitoa, wala hakupata utajiri mkubwa.

Magurudumu hayo yalitaka mpira mwingi. Hapa Kongo watu wa Mfalme Leopold II waliwalazimisha babu zetu kuutafuta msituni, na wengi waliteswa na kuuawa, hata nchi ikaondolewa mikononi mwa mfalme mwaka 1908. Dunlop mwenyewe hakuwa na mkono katika ukatili huo.

Alifariki mjini Dublin tarehe 23 Oktoba 1921, akiwa na umri wa miaka 81.