William Herschel (1738–1822): Kipenyo cha Darubini
Mwanafunzi, Herschel alizaliwa Hannover, katika Ujerumani ya leo. Mwaka 1757 alihamia Uingereza, akaishi kwa kazi ya muziki. Alijifunza mwenyewe kusaga vioo vya darubini. Tarehe 13 Machi 1781 aligundua sayari ya Uranus kwa kioo chenye kipenyo cha sentimita 16 hivi. Mwaka 1789 alikamilisha darubini yenye kioo cha sentimita 120, lakini ilikuwa ngumu kuielekeza na kioo chake cha metali kilififia. Kwa kazi nyingi alipendelea ile ya sentimita 47.

Kumbuka: kipenyo kikiwa mara 2, mwanga unaokusanywa huwa mara 4. Ukiulizwa darubini ipi inafaa, usitaje kipenyo peke yake. Eleza pia urahisi wa kuitumia.