Mama Aliyekipa Kila Chombo Mahali Pake

Mwanafunzi mwenzangu, hebu nijibu swali hili kwa ukweli. Ni mara ngapi umepiga foleni kwenye mfereji baada ya githeri, ukasuuza sahani yako mbio mbio kwa mkono mmoja, halafu kesho yake asubuhi ukakuta maharagwe mawili yamekaukia ukingoni? Usicheke, sote tumo. Kuosha vyombo ni kazi ambayo kila mtu anaitoroka. Leo nataka nikusimulie maisha ya mama mmoja ambaye hakuitoroka. Aliikalia chini, akaifikiria, na mwishowe ikamwokoa.

Jina lake ni Josephine Garis. Alizaliwa tarehe 8 Machi 1839 katika jimbo la Ohio, nchini Marekani. Baba yake, John Garis, alikuwa mhandisi. Kwa upande wa mama yake alitoka katika ukoo wa John Fitch, mmoja wa watu wa kwanza kuunda meli ya mvuke huko Marekani. Kwa hivyo damu ya ufundi ilikuwemo, ingawa yeye mwenyewe hakusomea uhandisi. Mwaka wa 1858, akiwa na umri wa miaka 19, aliolewa na mfanyabiashara William Cochran wa mji wa Shelbyville, jimbo la Illinois. Josephine alipenda kuliandika jina hilo na herufi e mwishoni, na ndiyo sababu twamjua kama Josephine Cochrane.

Maisha yalikuwa mazuri. Nyumba yao ilikuwa kubwa, wageni hawakuisha, karamu zilifuatana. Josephine alikuwa na vyombo vya kauri vya urithi alivyovipenda kama mboni ya jicho. Taabu ni kwamba kila baada ya karamu, wafanyakazi walipoviosha, hiki kilimeguka ukingo na kile kilipata ufa. Basi mama akawaondoa jikoni, akakunja mikono ya nguo yake, akaanza kuviosha mwenyewe. Mambo yalikuwa yale yale! Kuosha sahani nyingi kwa mkono ni kazi ya kuchosha, na mkono uliochoka huangusha. Akajiuliza kwa nini hakuna mashine ya kufanya kazi hiyo.

Kusema kweli, wengine walikuwa wamejaribu. Mwaka wa 1850 Joel Houghton alikuwa amepata hataza ya mashine ya mbao iliyorushia vyombo maji, lakini haikufaa sana. Josephine alianza pahali pengine kabisa. Hakuanza na mashine, alianza na sahani. Alichukua vipimo vya sahani, vikombe na visahani, kisha akatengeneza vyumba vya waya, kila chombo na nafasi inayokitosha. Vyumba hivyo vilipangwa kwenye gurudumu lililolazwa ndani ya pipa la shaba. Gurudumu likizungushwa, maji moto yenye sabuni yanarushwa juu kwa nguvu kutoka chini. Hakuna burashi, hakuna kusugua. Chombo kimetulia mahali pake, maji ndiyo yanayofanya kazi.

Mwaka wa 1883 mumewe akafariki. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba ule utajiri ulikuwa wa nje tu. Marehemu aliacha pesa kidogo sana na madeni mengi. Hebu fikiria: mjane wa zaidi ya miaka arobaini, hana kazi, hana ujuzi wa biashara, na wadai wako mlangoni. Ile mashine iliyokuwa wazo la mama tajiri sasa ikawa tegemeo lake la pekee.

Akaingia kwenye kibanda nyuma ya nyumba yake, akisaidiwa na fundi mmoja, George Butters. Mafundi wengine walimsumbua. Wao walijiona ndio wajuzi, naye ni mwanamke asiyesomea chochote, kwa hiyo walifanya kwa njia yao mpaka waliposhindwa ndipo wakarudi kwa njia yake. Mama hakukata tamaa. Tarehe 28 Desemba 1886 alipata hataza nambari 355,139.

Sasa nani anunue? Josephine alikuwa amewafikiria akina mama wa nyumbani, lakini mashine ilikuwa kubwa na ya bei ghali, na nyumba nyingi hazikuwa na maji moto ya kutosha. Akageukia mahoteli. Hoteli ya Palmer House mjini Chicago ikanunua. Kisha akaenda Sherman House, pia ya Chicago. Wenzangu, wakati huo mwanamke wa heshima hakuzoea kuingia hotelini peke yake bila mume wala baba. Baadaye alikiri kwamba kuvuka ukumbi ule wa mapokezi akiwa pekee kulimtisha karibu azimie. Lakini alivuka, na alipotoka alikuwa ameuza mashine.

Mwaka wa 1893 kulifanyika Maonyesho ya Dunia huko Chicago. Mashine zake zikaosha vyombo katika mikahawa ya hapo, na akatuzwa kwa ubora wa muundo wake na uimara wake. Oda zikaja, za mahoteli hata za mahospitali. Mwaka wa 1898 alifungua kiwanda chake, na msimamizi hakuwa mwingine ila yule George Butters wa kibandani. Alifanya kazi mpaka uzeeni, akafariki Chicago tarehe 3 Agosti 1913 akiwa na miaka 74. Kampuni yake ilinunuliwa na Hobart mwaka wa 1926, na ni katika miaka ya 1950 ndipo mashine hizi zilipoanza kuenea majumbani. Mwaka wa 2006 jina lake liliingizwa katika ukumbi wa kitaifa wa wavumbuzi wa Marekani.

Pengine siku moja utakutana na mashine hii, kazini au kwa jamaa yako mjini. Usiogope, kumbuka tu wazo la Josephine: maji hayaoshi yasipofika. Kwanza kwangua makombo, usisukume ugali mzima ndani. Sahani zisimame, moja moja kwenye nafasi yake, zikielekea pale maji yanapotoka. Zikilaliana, ya katikati itatoka chafu. Bakuli na vikombe vifudikizwe, la sivyo vitajaa maji machafu kama vibuyu. Vyombo vya plastiki viende juu, mbali na joto. Sufuria ziinamishwe chini. Vijiko vichanganywe na uma ili visikumbatiane. Visu vielekezwe ncha chini usije ukajikata. Mwiko na chombo chochote cha mbao vioshe kwa mkono. Mwisho, zungusha kwa kidole yale mapanga yanayorusha maji. Yakigonga chombo, panga upya.

Waona basi? Siri haikuwa nguvu, ilikuwa mpango. Wengi walilalamika kuhusu vyombo vichafu, yeye akavipima. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Josephine aliinama akiwa mjane mwenye madeni, katika kibanda cha nyuma ya nyumba. Kwa hivyo jioni ya leo ukiwa kwenye foleni ya mfereji, usikimbie tu. Itazame kazi inayokuchosha. Huenda na wewe ukaona kitu ambacho wote waliokutangulia kwenye foleni hawakukiona.